Nilivyofanya kazi kwa Mzee tangu duka moja Gerezani mpaka kampuni ikawa na matawi mikoani

Kampuni ninayofanyia kazi ni ya familia, inauza vifaa vya ujenzi jumla na rejareja, mi nimeingia ikiwa duka moja la milango miwili upande wa Gerezani pale Kariakoo na leo ina matawi Mwanza, Mbeya na Dodoma. Jina silitaji mana bado ndo panaponilisha na wenyewe nawaheshimu. Vijana wengi huwa wananiuliza kaka bora niende kwa Mzee fulani ana duka lake au nitafute kampuni yenye HR na vitambulisho, na mi naona hilo swali halijakaa sawa, kwa sababu yule Mzee fulani akifanikiwa na yeye atakuwa kampuni, na wewe utakuwa ndani wakati inabadilika. Hapo kwenye kubadilika ndo watu wanapoumia, na ndo ninapotaka kupaongelea.

Nilipelekwa na mjomba wangu ambaye alikuwa anabeba mizigo ya lile duka na guta. Hamna barua ya maombi wala cheti, Mzee, yani mwenye duka, alikuwa amekaa kwenye meza yake mlangoni, nikampa shikamoo, akaitika, akauliza mimi mtoto wa nani, nalala wapi, na kama nikitumwa na hela naweza kurudi nayo. Mjomba akajibu ya mwisho kwa niaba yangu, kwamba huyu akipotea na hela nifuate mimi. Basi, kesho yake saa moja kasoro nikawa nafagia mbele ya duka. Mshahara hatukuongea, alisema tutaona unavyofanya, ila hela ya kula kila siku ilikuwepo na mwisho wa mwezi bahasha ilikuwepo, haikuwahi kuchelewa hata mwezi ambao biashara ilikuwa imelala.

Sasa nieleze kitu ambacho asiyekaa Kariakoo anaweza asikijue. Kila boksi likiingia stoo Mzee alikuwa analiandika pembeni kwa makapeni herufi nne tano hivi, ukisoma hazina maana yoyote. Zile herufi ndo bei tuliyonunulia. Kuna neno moja la herufi kumi, hamna herufi inayojirudia, ya kwanza inasimama kwa moja, ya pili mbili, ya kumi ndo sifuri, kwa hiyo ukilijua lile neno ukiangalia boksi la vitasa unajua kabisa hapa mtaji ni shilingi ngapi. Mteja akilia punguza bwana punguza, muuzaji anayelijua neno anatupia jicho boksi anajua nikishuka tena nauza hasara, asiyelijua lazima ageuke nyuma amuulize Mzee. Neno lenyewe siliandiki hapa, nimeshaapa.

Yani kule kwetu kupandishwa cheo ndo ilikuwa ivo. Siku moja baada ya alasiri Mzee aliniita nyuma kwenye marobota ya waya, akanitajia neno kwa sauti ya chini, akanitaka nilirudie mpaka aridhike, akasema usiliandike popote na usimwambie hata mkeo. Mshahara haukuongezeka siku ile, ila kuanzia hapo wateja wa Lubumbashi wakija nilikuwa naongea nao bei mwenyewe mwanzo mpaka mwisho na hakuna aliyenihoji. Nimeshapata barua za kupandishwa cheo tangu wakati ule, nzuri tu zina nembo ya kampuni, lakini sijawahi kujisikia nimeaminiwa kama siku ile kwenye marobota ya waya.

Na Mzee alikuwa anafundisha. Sio semina, anakufundisha mzigo ukiwa mbele yenu. Mfano nondo, nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ikiwa kamili inatakiwa iwe na kilo 10 na pointi sita hivi. Mzigo ukishuka Mzee alikuwa haangalii karatasi ya kiwanda, anachomoa nondo moja katikati ya rundo, sio ya juu mana ya juu inaweza kuwa imewekwa kwa ajili ya macho yako, tunaipandisha kwenye mzani. Ikija kilo tisa anasema hii ni milimita 11 imevaa nguo ya 12, rudisheni gari. Nimeona anarudisha Fuso nzima wakati wateja wamesimama mlangoni na hela mkononi na jirani anauza mzigo ule ule bila wasiwasi. Alikuwa anasema huyu anajenga ghorofa, watoto watalala juu yake. Mi nikienda kwenye matawi mpaka leo kitu cha kwanza kuuliza ni mzani uko wapi.

Alafu kuna mali kauli. Wateja wetu wakubwa walikuwa wa mikoani, Masasi, Newala, Tunduru, Kigoma, na wengi walikuwa wanachukua mzigo kwa maneno tu wanalipa baadae. Mzee alikuwa na kauntabuku moja kubwa, anaandika jina, mzigo, tarehe, hamna saini hamna dhamana. Watu wa kusini wanalipa msimu wa korosho, minada inaanza mwezi wa kumi, hela ikishuka vijijini watu wanaezeka nyumba, mwenye duka anauza mabati na misumari, ndo anatuma hela Dar. Mtu wa benki akiiona ile kauntabuku atasema huyu mzee amechanganyikiwa, lakini Mzee alikuwa anajua msimu wa kila mtu, nani ni wa korosho, nani ni wa tumbaku, nani anategemea mpunga.

2018 ilitupima. Bei kwenye minada ya korosho ikagoma, wakulima wakakataa kuuza, Novemba Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaenda kubeba. Bei ilikuwa nzuri ila malipo kwa wakulima yakachelewa sana, kusini hela ikakauka, na sisi madeni yetu yote ya kusini yakasimama. Mteja wetu mmoja wa Masasi alipanda basi akaja mpaka dukani bila kitu, akakaa mbele ya meza akasema Mzee sina hela, nimekuja ili unione uso. Mzee akaagiza aletewe chai, wakaongea habari za nyumbani, alafu akaniita akasema mfungashie misumari na mabati kidogo duka lake lisikae tupu. Nilifungasha kimoyomoyo nikiwa na hofu kubwa. Yule bwana alilipa deni lote kidogo kidogo mwaka uliofuata, na wateja wengine wa kusini waliposikia alivyopokelewa wakahamia kwetu. Kwa hiyo mtu akiniambia mambo ya kizamani ndo yanaua kampuni namwambia hapana, tawi la Mwanza limefunguliwa kwa hela za uaminifu wa namna ile.

Ila tawi la Mwanza ndo lilionyesha kuendesha kila kitu kwa kichwa cha Mzee peke yake kuna mwisho. Alimpeleka mpwa wake akasimamie, neno akampa. Vijana walioajiriwa kule hakuwajua, kwa hiyo neno hawakupewa, mteja akitaka apunguziwe wanamuuliza mpwa, mpwa akiona oda ni kubwa anampigia Mzee, Mzee yuko Gerezani na simu mbili na wateja kumi mbele yake. Mteja wa Mwanza hasubiri, anavuka barabara. Baadae Mbeya ikawa vile vile. Alafu ikatokea ambayo ingetokea tu, kijana mmoja alilisikia neno, akaacha kazi, akaajiriwa duka la pili yake, na ndani ya mwezi jirani wakawa wanajua bei zetu zote za kununulia. Mzee hakugomba. Alikaa kimya kama wiki nzima, akawa anakuja anakaa kwenye meza yake haandiki kwenye maboksi. Mi nilimuonea huruma sana mana kilichoibiwa pale hakikuwa bei, ni ule utaratibu wake wote wa kujua nani ni mtu wake.

Ndo mtoto wake mkubwa akaingia, sisi tunamuita Kaka, amesoma nje, akaleta mfumo wa kompyuta, kila bidhaa na namba yake, bei ya chini ya kuuzia inaonekana hapo hapo. Akaleta HR, akaleta mashine ya kuweka kidole asubuhi, mishahara ikahamia benki. Mei 2023 wafanyabiashara Kariakoo walipofunga maduka, kero mojawapo ikiwa hili suala la TRA kutaka usajili wa stoo, Kaka akatumia zile siku kuhesabu stoo zetu zote, na kulikuwa na mzigo ambao alikuwa anaujua Mzee peke yake, mabomba, koki, rangi nyingine imeshaganda kwenye ndoo. Hela nyingi ilikuwa imelala mle. Kwa hili nilimuunga mkono Kaka asilimia mia na namuunga mkono mpaka kesho.

Wakongwe wenzangu walinung'unika sana, kidole kiliwauma kuliko kitu chochote, wakasema tumekuwa wezi sasa. Malalamiko yao makubwa lakini yalikuwa kwenye droo. Zamani ukifiwa au mtoto akilazwa Muhimbili unamfuata Mzee, anafungua droo, anahesabu, anakupa, haandiki. Harusi yangu alichangia kuliko baba zangu wadogo wote. Ada ya shule mwezi wa kwanza wengi walikuwa wanamtegemea yeye. Sasa HR anakuambia jaza fomu, ni mkopo, utakatwa kwenye mshahara. Watu wanasema ubinadamu umeisha.

Mi nilikuwa nasema ivo ivo mpaka nilipopelekwa Mwanza kusaidia kwa muda. Kule kuna kijana wa stoo alifiwa na mama yake, akapewa ruhusa na pole ya mdomo basi. Hakuna droo Mwanza. Mzee hakuwa na roho mbaya, hakumjua tu, hajawahi kumuona hata sura. Nikaanza kukumbuka hata Gerezani kwenyewe, dada wa usafi anayekuja alfajiri na kuondoka kabla Mzee hajafika, vijana wa stoo ya mbali, hawa pia droo haikuwahi kufunguka kwa ajili yao. Huruma ya Mzee ilikuwa ya kweli kabisa lakini ilikuwa inamfikia anayeonekana kutoka kwenye ile meza. Sisi tuliokuwa tunaonekana tuliona kampuni nzima inapendwa. Tangu hapo nikisikia mtu anasifia bosi wake ni kama baba namuuliza na walioko stoo wanasemaje.

Kuhusu mimi mwenyewe, kabla hata Kaka hajaingia nilikuwa nimeshamfuata Mzee na karatasi. Binamu yangu anafanya kazi ofisi moja ya sheria alinielewesha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi, na kwamba likizo ya mwaka ni siku 28, na kazi ya ziada inalipwa mara moja na nusu, vitu ambavyo dukani hatukuwahi hata kuvitaja. Nikaandika ukurasa mmoja kwa mkono, nimeanza lini, nalipwa kiasi gani, kazi yangu ni ipi, na kwamba makato ya NSSF, ule mfuko wa pensheni, yaanze kupelekwa. Nikamuomba mjomba twende wote, sio dukani, tukaenda kwake Magomeni Ijumaa jioni. Mjomba akaanza, Mzee tumekuja kama watoto wako. Mzee akasoma yote mara mbili, akavua miwani akaniuliza, mwanangu, huniamini? Nikamwambia Mzee wewe nakuamini kuliko karatasi yoyote, wasiwasi wangu ni siku ambayo pale mezani atakuwa amekaa mtu mwingine. Alinyamaza muda mrefu kidogo. Alafu akamwita mkewe alete muhuri.

Wiki iliyofuata yeye mwenyewe akatangaza dukani kwamba anayetaka karatasi kama ya huyu alete nisaini. Wachache tulipeleka. Wengi walikataa, na aliyekataa kwa sauti kubwa kuliko wote ni mzee wetu wa kufungasha mizigo, ambaye alianza na Mzee tangu wakiwa na meza ya misumari barazani kwa mtu. Alisema mimi na yeye tumetoka mbali, karatasi ya nini, ameshaniambia nikizeeka atanijengea. Na ni kweli alimwambia, mi mwenyewe nilisikia, sio mara moja.

Mzee akapata kiharusi. Yuko hai, tunaenda kumsalimia, ila kuongea hawezi vizuri na dukani haji tena. Mzee wa kufungasha mgongo ukamkataa, akaomba kupumzika. Kuangalia NSSF, michango yake imeanza pale HR alipokuja, miaka yote ya nyuma hamna kitu. Ili upate pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yani miaka 15, yeye hata robo yake hajafika, akawa ni mtu wa kupewa mafao ya mkupuo kidogo basi, mtu ambaye amefungasha karibu kila mzigo uliowahi kutoka kwenye lile duka. Akamfuata Kaka kuhusu nyumba. Kaka hakumtukana, alimwambia mzee wangu mimi hilo sijalikuta popote, nitaliwekaje kwenye vitabu. Na ukimsikiliza Kaka bila hasira unaelewa, siku hizi kuna mkopo wa benki, kuna mkaguzi wa hesabu, na kila aliyekaa zamani anakuja na ahadi yake, za kweli na za uongo.

Tulienda Magomeni sisi wanne wakongwe tukakaa na mama, mke wa Mzee. Tukamuuliza kwa adabu kama alishawahi kusikia habari ya nyumba. Akasema nilikuwepo, alisema, na alisema iwe Mkuranga kwenye kiwanja cha yule bwana mwenyewe. Mama akampigia Kaka hapo hapo mbele yetu. Kilichopatikana ni saruji, mabati na nondo kutoka stoo, na fundi kalipwa nusu, vyumba viwili vimesimama Mkuranga. Sio ile nyumba aliyoahidiwa na imepatikana kwa sababu mama alikuwa chumbani siku ile ahadi inatolewa. Kuna wengine wawili nawajua waliahidiwa ada za watoto na kitu kidogo cha kuanzia biashara, wao hawana shahidi, na hawajapata chochote mpaka leo. Hili linaniuma na nalisema wazi, Mzee alikuwa na nia ya kulipa yote.

Kwa hiyo kijana akiniuliza siku hizi namwambia nenda kwa Mzee, utajifunza kazi haraka kuliko popote, ila karatasi omba mapema wakati mnacheka, usisubiri mgogoro. Nenda na mtu mzima anayemheshimu, nenda nyumbani kwake usiende dukani mbele ya wateja, na usianze na sheria, anza na salamu. Na NSSF usiambiwe tu inapelekwa, nenda dirishani kwao uombe taarifa ya michango yako uone miezi imeandikwa, mana kukatwa kwenye mshahara ni kitu kimoja na hela kufika ni kitu kingine.

Upande wa kampuni nao kuna kitu nilikipigania. Mfumo wa Kaka ulipoanza ulikuwa unafunga mteja yeyote aliyepitisha siku 30 bila kulipa. Ndani ya miezi michache yule bwana wa Masasi, yule yule wa 2018, akapiga simu kuagiza mabati akaambiwa akaunti yako imefungwa. Nilienda kwa Kaka na ile kauntabuku mkononi. Tulibishana sana, yeye anasema siwezi kuendesha matawi manne kwa huruma, mi namwambia hii sio huruma, hapa kuna kumbukumbu ya nani analipa mwezi gani, baba yako ameiandika miaka yote, wewe mfumo wako haujui kama korosho inavunwa. Mwisho akakubali. Tukakaa jioni kadhaa baada ya kufunga duka, mi nasoma majina kwenye kauntabuku yeye anaingiza kwenye kompyuta, mteja wa korosho tarehe yake ya mwisho ikawekwa Januari, wa tumbaku na wa mpunga na wao kila mmoja na mwezi wake, na kila mmoja akawekewa kiwango cha juu cha deni ambacho Mzee hakuwahi kuwa nacho. Wengi wa kusini wamerudi, wengine walishahamia kwa jirani.

Sasa hivi tunataka jambo hilo hilo lifanyike kwa wafanyakazi, ile droo iandikwe. Kwenye vikao tumeshakubaliana msiba wa mzazi, mwenza au mtoto kampuni inatoa kiasi kile kile awe ni mtu wa Gerezani, Mwanza au Mbeya, na sio mkopo. Matibabu tumepata bima. Ada za shule bado tunavutana, HR anasema ni jambo binafsi la mfanyakazi, sisi tunasema Mzee alikuwa analipa na majina ya watoto aliowalipia tunayo, na kikao kingine ni mwisho wa mwezi huu.